Jani la Mario lina zaidi ya miaka 35 na bado sijaona mnyama wa kulishinda

#1 Mkia_Mrefu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda.

Wiki iliyopita nimemaliza gemu ya Super Mario Bros. Wonder, ile ya Oktoba 2023 ambayo Mario anakula tunda anageuka tembo. Kusema kweli nilicheka. Tembo mzima kavaa ovaroli, akiingia kwenye bomba unalionea huruma bomba. Mkonga wake ndio silaha: anapiga nao maadui, anavunja matofali yaliyo mbele yake bila hata kuruka, anachota maji na kuyamwagia maua yaliyonyauka. Kapendeza. Lakini nilipoweka pedi chini nikajiuliza, hivi nikilazimishwa kuchagua mnyama mmoja tu katika miaka yote ya Mario, huyu tembo ataingia hata kwenye tatu bora?

Kwangu mimi haingii. Bado niko na lile jani la Super Mario Bros. 3 (SMB3).

Kwa wadogo zetu ambao hawakuikuta: gemu ilitoka Japani Oktoba 1988, Marekani ikafika Februari 1990, Ulaya wakasubiri mpaka 1991. Kabla ya hapo, kwenye Mario ya 1985, mambo yalikuwa matatu: uyoga unakukuza, ua linakupa moto wa kurusha, nyota inakufanya usiguswe kwa sekunde chache. Vyote vitatu vinakuacha pale pale ardhini. Ghafla unagonga kisanduku, linatoka jani. Halikimbii chini kama uyoga. Linapepea, linayumba kushoto, linayumba kulia, na wewe unalifuata huko huko kama mtoto anayefukuza kipepeo. Ukilidaka unaota masikio na mkia.

Naomba mnielewe, sisemi jani ndilo lenye nguvu kuliko yote. Humo humo ndani kuna vazi la nyundo ambalo ukilivaa karibu kila kitu kinakufa. Hoja yangu ni nyingine.

Kiswahili kina neno moja, kuruka, kwa mtu anayevuka mtaro na kwa ndege aliye angani. Mario wa 1985 aliruka kwa maana ile ya kwanza tu: ruka shimo, ruka kobe, ruka bomba, basi. Jani likaichukua hiyo maana ya kwanza likaivuta taratibu mpaka ikawa ya pili, tena bila kuongeza kitufe. Ni A ile ile. Chini ya skrini kuna kipimo, mishale sita na herufi P mwishoni. Shika B ukimbie moja kwa moja, mishale inawaka mmoja baada ya mwingine. Ukisita inazimika. Ikifika P, ruka, halafu gonga A mfululizo, mkia unapiga hewa na wewe huyooo. Muda si mrefu, ukiisha unashuka polepole kwa kuendelea kugonga.

Kwa hiyo kabla ya kupaa lazima upate mahali pa kukimbilia. Hapo ndipo gemu yote ilipobadilika kwangu. Sehemu tambarare ambayo zamani ilikuwa ya kupita tu, sasa ni uwanja wa ndege. Goomba (yule adui mdogo anayetembea tu) aliyesimama katikati yake ni kama gari bovu lililoegeshwa kwenye njia ya kurukia, lazima uliondoe kwanza. Nilianza kutazama juu, sehemu ya skrini ambayo nilikuwa siijali. Na hatua ya 1-1, ya kwanza kabisa kwenye Dunia ya 1, inakufundisha yote haya bila neno hata moja: wanakupa jani, mbele kidogo ardhi inanyooka, na juu kuna sarafu zinakusubiri.

Waliokuja baadaye, nyuki, pengwini, kindi, paka, tembo, wanakukabidhi uwezo mkononi. Jani linakwambia kimbia kwanza.

Njooni tubishane. Matusi kaeni nayo nyumbani.

#2 paka_ukutani

Siti ya mbele kabisa. Nilijua tu huu uzi utakuja siku moja na nilijua nitaupinga.

Mkuu umeandika vizuri lakini umepita kwenye paka kama unapita kwenye kituo ambacho hushuki. Super Mario 3D World, Novemba 2013, kengele ya dhahabu. Ukiichukua unakuwa paka: unakimbia kwa miguu minne, unakwaruza, ukiwa hewani unajirusha kwa mshazari kama paka aliyeona panya, na unapanda kuta. Kuta, mkuu! Ndani ya gemu ya ukumbi mpana wa pande zote (3D), ambako tatizo kubwa la mchezaji mgeni ni kukadiria umbali. Akikosea kuruka, jani la kwako linamsaidia nini? Hana nafasi ya kukimbia, hana kipimo kilichojaa, anaanguka. Paka akikosea anagonga ukuta, anaukwea, maisha yanaendelea.

Halafu mlingoti wa bendera wa mwisho wa hatua. Mario mwingine yeyote akiushika chini, bendera ya dhahabu kaikosa. Paka anaupanda tu mpaka juu. Nimecheza hiyo gemu na watu wanne kwenye skrini moja, wawili hawajawahi kushika pedi maishani mwao, na kila mmoja alifika kileleni. Niambie mnyama mwingine aliyefanya hivyo.

Eti "kimbia kwanza". Kuna watu hata kukimbia hawajajua.

#3 ChuraNchiKavu

Nyote wawili mnazungumzia mavazi. Mleta uzi, hilo jani linakupa masikio na mkia. Suruali ni ile ile, mikono ni ile ile, kofia ipo. Huyo ni Mario aliyejipamba.

Mnyama wa kweli kwenye SMB3 ni mmoja tu, na hakuna anayemtetea kwa sababu mnamwonea aibu: CHURA.

Vaa vazi la chura uingie majini. Maji ya Mario siku zote ni mateso, unagonga A kama unapiga mbu, unazama, unapanda, unazama. Chura anaogelea unavyoelekeza kidole, mbele, nyuma, juu, chini, hata mkondo wa maji unaokusukuma kwenye bomba anaushinda. Dunia ya 3, ile yenye bahari na visiwa, ukiwa na vazi hilo unaona kabisa aliyeitengeneza alikuwa anakuwaza wewe.

Kisha toka majini. Hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Kutembea huwezi, unadunda dunda, mwendo wako ni wa kuvizia, Goomba anakusogelea na wewe unahesabu midundo. Wengi wanasema ni vazi bovu. Mimi nasema ndilo vazi pekee lililosema ukweli kuhusu mnyama. Kila mnyama ana mahali anapotawala na mahali anapodhalilika. Paka wako wa 2013 anadhalilika wapi? Hakuna. Kwa hiyo si paka, ni Mario mwenye kucha.

#4 Mkia_Mrefu (mleta uzi)

ChuraNchiKavu umenikamata pabaya na sina cha kujitetea kuhusu suruali.

Ila tuongeze kidogo kwenye hoja yako, maana imenipendeza kuliko yangu. Nyuki wa Super Mario Galaxy, 2007. Anapaa kwa muda mfupi kwa kipimo kinachojijaza akitua, anang'ang'ania kuta za masega ya asali, na tone moja la maji linamvua kila kitu. Yule ni mnyama kwa kipimo chako. Kila nikimtumia natembea nikiogopa madimbwi, mimi mtu mzima. Na tembo naye nikubali nimemwonea: ukubwa wake unamfanya alengwe kirahisi. Unabeba nguvu na unabeba mwili.

Pengwini wa New Super Mario Bros. Wii (2009) je? Anarusha mipira ya barafu, anateleza kwa tumbo, hatelezi akitembea juu ya barafu, na majini yuko vizuri. Sijaona anapoumia. Kwa kipimo chako anafeli, lakini kile kitendo cha kuteleza kwa tumbo kwenye mteremko mrefu... yaani hapo sitaki hata kuchambua. Kinafurahisha, basi.

Paka_ukutani, yako nakuja nayo, usidhani nimekimbia.

#5 Sanamu_ya_Sekunde

Naomba niwatoe kwenye mabishano kidogo niwape historia, maana naona watu wanasema "mkia" bila kujua ni mkia wa nani.

Kwa Kiingereza yule wa jani aliitwa rakuni, mnyama wa Amerika Kaskazini mwenye barakoa usoni na mkia wa miviringo. Wajapani hawakumaanisha huyo. Wao jina lao la yule wa jani ni la mkia tu, Mario wa Mkia. Nyuma ya wazo zima yuko tanuki, mnyama wa kwao, na tanuki hana undugu wa karibu na rakuni. Ni wa ukoo wa mbwa, jamaa wa mbweha, sema tu sura zao zimefanana.

Sasa kwa nini jani? Katika ngano za Japani tanuki ni mjanja wa kujigeuza. Anaweka jani kichwani, anageuka chochote anachotaka. Kwa mchezaji wa huko mwaka 1988 kugonga kisanduku kikatoka jani na mtu akaota mkia halikuwa fumbo hata kidogo. Ni sisi wengine tuliokubali tu kwamba jani linaotesha mkia, kama tulivyokubali kwamba uyoga unarefusha.

Na ndani ya SMB3 kuna vazi kamili, la manyoya toka kichwani hadi miguuni. Hilo ndilo vazi la tanuki lenyewe. Linafanya yote ya jani, na zaidi ya hapo ukishika Chini na B unageuka sanamu ya jiwe. Maadui wanakupita kama hawakuoni. Umbo la ile sanamu ni la Jizo, ambaye katika imani ya huko ni mlinzi wa wasafiri na watoto, sanamu zake ndogo husimama kando ya njia. Inadumu sekunde chache kisha unarudi. Ndiyo maana ya jina langu humu.

Kwa hiyo ChuraNchiKavu, suala la "amejipamba tu" linamhusu yule wa jani. Wa vazi kamili suruali haionekani.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi kwenye gemu ile hakuna aliyekigusa. Kumbukeni kisa chenyewe. Watoto saba wa ukoo wa Koopa wameiba fimbo za wafalme saba, wakawageuza wafalme wanyama. Kila dunia unaingia ikulu unakuta mfalme wa watu kawa kiumbe wa ajabu, mhudumu wake analia pembeni. Kugeuzwa mnyama hapo ni adhabu. Na wewe unayekuja kumwokoa umefikaje? Umejigeuza mnyama kwa hiari yako. Walioiandika walilijua hilo vizuri sana, maana ukimkomboa mfalme ukiwa bado umevaa vazi la chura, yeye ndiye anayeshtuka. Anakuona umegeuzwa, anakuuliza kama akurudishe ubinadamu kwa ile fimbo. Nilipokutana na hiyo mara ya kwanza nilisimamisha gemu nikacheka peke yangu chumbani.

#6 paka_ukutani

Aisee hiyo ya mfalme sikuijua. Gemu nimeimaliza mara tatu lakini siku zote nafika kwa mfalme nikiwa mdogo, nimechakaa.

#7 ChuraNchiKavu

Ndiyo ujue. Chura ana protokali yake ikulu.

#8 Nusu_Maisha

Nakazia post #5. Nauliza tu, kulikuwa na kelele za watetezi wa wanyama kuhusu hilo vazi la manyoya, au ni uzushi wa mtandaoni?

#9 Sanamu_ya_Sekunde

Si uzushi. Novemba 2011, wakati Super Mario 3D Land inatoka kwenye 3DS (mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, watengenezaji wa Mario), shirika la PETA lilizindua kampeni likisema Mario kuvaa tanuki ni kutangaza manyoya, kwa sababu tanuki halisi wanachunwa kwa ajili ya biashara hiyo. Walitengeneza hadi gemu ndogo ambayo tanuki aliyechunwa anamfukuza Mario aliyevaa ngozi yake. Nintendo walijibu kwa upole kwamba Mario hujigeuza vitu na wanyama wengi, ni mzaha wa kumpa uwezo tofauti. Baadaye PETA wenyewe walisema ile kampeni ilikuwa ya utani, walitaka tu watu wajue yanayowapata tanuki wa kweli.

Kichekesho ni kwamba ukifuata ngano zenyewe, aliyejigeuza ni tanuki. Pengine Mario hajavaa tanuki. Pengine tangu 1988 tunacheza na tanuki aliyejifanya fundi bomba.

#10 Mkia_Mrefu (mleta uzi)

Hiyo sentensi ya mwisho imenivuruga mkuu. Acha kabisa.

Nirudi kwa paka_ukutani kama nilivyoahidi, na umeniletea mwenyewe mahali pa kuanzia, hiyo 3D Land ya 2011.

Pale jani lilirudi baada ya miaka mingi, nikafurahi kupita kiasi. Hata maadui waliota mikia, Goomba ana mkia, na Luigi, ndugu yake Mario, akilichukua anakuwa mbweha badala ya tanuki. Nikakimbia, nikaruka, nikagonga kitufe... nikashuka. Taratibu, kwa madaha, lakini nikashuka. Hakuna kupaa. Jani limebaki breki ya hewani na mkia wa kupigia. Nilinuna siku nzima.

Baadaye nikaelewa kwa nini, na hapa ndipo nakupa pointi yako. Kwenye gemu ya upande mmoja, skrini ina kushoto, kulia na juu. Mchezaji akipaa, mtengenezaji anajua atatokea wapi. Kwenye ukumbi mpana, mtu akipaa anaweza kwenda popote, atavuka hatua nzima bila kuigusa. Kwa hiyo waliliacha lile linalomsaidia mtu kutua salama, kazi ambayo kwenye ukumbi mpana ndiyo ngumu hasa. Na mwaka mmoja baadaye, New Super Mario Bros. 2 ya 2012, skrini ilipokuwa ya upande mmoja tena, kupaa kukarudi palepale, pamoja na kukimbia kwanza.

Kwa hiyo paka ni mtoto wa tatizo lile lile. Hawawezi kukupa anga, wakakupa ukuta. Ukuta una mwisho, ukizidi kukaa unateleza chini. Ni akili nzuri na namheshimu paka kwa hilo. Ninachokataa ni kuniambia anakufundisha kitu. Mlingoti uliousifia ndio mfano wangu: jambo lililokuwa la kupimia mruko wako wa mwisho limegeuka ngazi.

#11 paka_ukutani

Kwako mlingoti ni mtihani. Kwa yule aliyekuwa anacheza kwa mara ya kwanza ulikuwa ndio mara ya kwanza ameshangilia ndani ya gemu. Hatuoni mlingoti mmoja.

Halafu usijifanye jani lilikuwa gumu sana. Humo humo SMB3 kuna P-Wing, kipimo kinakaa kimejaa hatua nzima, unapaa toka mwanzo hadi mwisho bila kukimbia hata hatua moja. "Kimbia kwanza" imeenda wapi?

#12 Mkia_Mrefu (mleta uzi)

Umepiga penyewe. P-Wing ipo, na nakiri niliitumia sana utotoni kwenye zile meli za vita za Dunia ya 8. Ila ni chache na inaisha na hatua moja, ukifa imekwenda. Wenyewe walijua hiyo ni dawa kali, haitolewi kama peremende.

Na kama unataka ugumu, tafuta toleo la awali la Japani. Pale ukiguswa na adui ukiwa na mkia, hushuki kuwa Mario mkubwa kama tulivyozoea. Unarudi mdogo kabisa, mguso mmoja tena na umekufa. Ni matoleo ya nje ndiyo yaliyoweka ile ngazi ya katikati. Nililicheza nikiwa na kiburi cha miaka yote hii. Dunia ya 1 iliniaibisha.

#13 ChuraNchiKavu

Wakati mnagombana, niwakumbushe kwamba Super Mario Maker 2, gemu ya kujitengenezea hatua zako mwenyewe, ilitoka 2019 bila chura, na Aprili 2020 kwenye sasisho la 3.0 akaongezwa. Watu waliomba. Chura ana watu wake, tuko kimya tu.

Tangu hapo nimetengeneza hatua moja tu, nusu maji nusu nchi kavu, na katikati kuna ngazi kumi za kupanda kwa kudunda. Rafiki zangu hawanipigii simu tena.

#14 Nusu_Maisha

😂😂 Ngazi kumi kwa chura ni ukatili, hao PETA wangeanzia kwako.

Mimi niweke yangu kwa kindi wa New Super Mario Bros. U, 2012. Anaelea kwa ngozi ya mbavuni, ana mruko mmoja wa ziada wa kujisukuma juu akiwa hewani, na akifika ukutani ananing'inia kidogo. Mleta uzi, yule si jibu la kati yenu wawili? Ana hewa kidogo, ana ukuta kidogo, na vyote vina kikomo.

#15 Mkia_Mrefu (mleta uzi)

Kindi ni mzuri na ni kosa langu sikumtaja vizuri. Ule mruko mmoja wa ziada unaubania kama akiba ya mwisho mfukoni. Ukiutumia mapema unajuta ukiwa katikati ya shimo. Namweka wa pili. Paka wa tatu, chura nampa kiti cha heshima kwa sababu ya ile ya ikulu.

#16 Mgeni_wa_Pedi

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye hizi za zamani, nimeanza SMB3 juzi kwa sababu ya huu uzi. Nimesikia kwenye ngome ya Dunia ya 1 kuna filimbi inayopatikana kwa kupaa. Nimejaribu jioni nzima. Kila nikikimbia kipimo kinafika mshale wa nne au wa tano nagonga kitu, kinazimika. Nakosea wapi?

#17 Sanamu_ya_Sekunde

Hujakosea, hiyo ndiyo ngome yenyewe. Fanya hivi mdogo wangu. Usikimbilie mwisho. Fika sehemu ya mwisho kabla ya mlango, ule unaokupeleka kwenye chumba cha dari la miiba. Pale kuna Dry Bones, kobe wa mifupa. Mmalize kwanza, lakini kumbuka ukimkanyaga anaanguka vipande kisha anajikusanya anaamka, kwa hiyo ukishamvunja huna muda wa kushangaa. Rudi nyuma kabisa mpaka njia yote iwe tupu mbele yako. Kimbia bila kuachia B. P ikimweka, paa karibu na ukuta mpaka juu, vuka dari. Hapo utapotea kwenye skrini, usiogope, endelea kutembea kulia mpaka uhisi umesimama, kisha bonyeza Juu.

Na usiguswe kabla ya hapo. Bila mkia hiyo safari haipo.

#18 Mkia_Mrefu (mleta uzi)

Mnaona? Njia ya kurukia, gari bovu limeegeshwa katikati, na kitu cha siri kiko juu ya dari. Ukiwa paka ungekwea tu ukuta.

#19 paka_ukutani

Ningekwea, ningechukua filimbi, ningekuwa nimelala saa hizi.

#20 Mgeni_wa_Pedi

NIMEPATA!! Ilikuwa mara ya kumi na kitu. Yule kobe aliamka nikiwa kwenye mshale wa sita nikamrukia bila kuachia B na P ikawaka nikiwa sijui hata nimefanyaje. Nikapaa, nikapotea juu, nikabonyeza Juu, chumba kikafunguka, sanduku, filimbi.

Sasa naitumia wapi?

#21 Nusu_Maisha

Ukiipuliza ukiwa Dunia ya 1 unapelekwa mahali pa kuchagua, Dunia ya 2, 3 au 4. Unaruka zilizobaki.

#22 Sanamu_ya_Sekunde

Iweke kwanza, usiipulize. Ukiziruka hizo dunia, wale wafalme utawaacha na manyoya yao. Dunia ya 3 inakuja, tafuta vazi la chura, usiguswe mpaka ikulu. Halafu rudi hapa utuambie mfalme amekuambia nini.

#23 Mgeni_wa_Pedi

Sawa mkuu. Ila kwenye nchi kavu nadunda dunda hadi ikulu yote?

#24 ChuraNchiKavu

Yote.